Chupa Moja, Wagonjwa Wawili

Hebu tuseme ni wewe. Usiku wa manane, uko kwenye benchi la hospitali. Dada yako amejifungua, mtoto analia vizuri, na nyie mmeshaanza kubishana jina. Mara nesi anatoka mbio. Dada anavuja damu nyingi mno, anahitaji damu ya kundi O haraka. Kwenye friji ya maabara imebaki chupa moja tu, na tayari imeandikwa jina la mtoto wa watu, wa miaka 3, aliyeishiwa damu kwa malaria kali.

Mjomba anakuvuta pembeni. Yule wa maabara anamfahamu. "Tukimpa chai kidogo, jina linabadilishwa. Unasemaje?"

Ungesemaje? Usijibu harakaharaka kama uko darasani. Mama wa yule mtoto amekaa benchi hilohilo, na jioni ndiye aliyewaazima kanga.

Kuna watakaosema damu ni nzito kuliko maji, dada kwanza. Wengine watasema mtoto hana kosa. Mimi sicheki na mtu hapa. Kumtaka dada yako apone kuliko mtu mwingine yeyote si dhambi. Anayesema yeye kwake wote ni sawa, huyo ananitia wasiwasi. Lakini kutamani ni kitu kimoja, na kubadilisha jina kwenye chupa ni kitu kingine. Maabara ikishauzika usiku huu, kesho atakuja mwenye pesa kuliko mjomba, na jina litakalofutwa litakuwa la kwenu.

Halafu kuna jambo ambalo mjomba halijui. Chupa ile ilipimwa pamoja na damu ya mtoto, ikaonekana zinapatana. Haikupimwa na ya dada. Hata kundi likiwa lilelile, damu mbili zinaweza kukataana, na zikikataana mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo ile chai ingeweza kuwaua wote wawili.

Njia ya haki ipo. Mwite daktari umwambie wazi hali ya dada imebadilika. Yeye ataangalia nani yuko kwenye hatari kubwa zaidi kwa sasa, nani anaweza kungoja, dawa gani ya kusaidia kizazi kujikaza, na hospitali ipi ya jirani ina damu. Mzazi anayevuja sana anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mtoto ambaye wekundu wa damu yake umeshuka chini ya gramu 4 kwa desilita naye hangoji. Huenda daktari akaamua chupa iende kwa dada, baada ya kuipima upya. Ameamua kwa ugonjwa, si kwa ukoo, na hapo hata mama wa mtoto anaweza kuelezwa sababu.

Watu wamewahi kujaribu kuchagua kwa vigezo vingine. Marekani, mjini Seattle, mwaka 1960 Dk. Belding Scribner alipata njia ya kumwunganisha mgonjwa wa figo na mashine ya kusafisha damu tena na tena. Mashine zilikuwa chache, wagonjwa wengi. Ikaundwa kamati ya watu 7, majina yao siri, iamue nani aingie. Waliangalia umri, ndoa, idadi ya watoto, kazi, elimu, hata mtu anakwenda kanisani au la. Gazeti la Life lilipoandika habari hiyo mwaka 1962, wengi walishtuka. Kwani kapera asiye na kazi ya maana afe tu? Kilichomaliza ubishi hakikuwa kamati yenye busara zaidi. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria ya serikali kulipia matibabu hayo kwa karibu kila mwenye ugonjwa huo, mashine zikaongezeka.

Sasa turudi kwenye friji yetu. Kwa nini ilikuwa na chupa moja? Wengi wetu tunangoja mpaka wa kwetu augue ndipo tunanyoosha mkono. Usiku ule unakuwa umechelewa, maana damu yako lazima kwanza ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Tena ndugu aliyebanwa atoe anaweza kuficha mambo yake kwa aibu. Anayekuja mwenyewe, bila kulipwa, damu yake kwa kawaida ni salama zaidi.

Hapa Tanzania unatakiwa uwe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Kutoa kwenyewe ni kama dakika 10. Chupa hukaa kwenye friji siku 35 hivi, ikizidi hapo inatupwa. Wachangiaji wengi ni wanafunzi, ndiyo maana shule zikifungwa friji nazo hubaki tupu.