Saratani na Tandiko (2): Kilichomponya Bob Champion

Juma lililopita tuliishia Aintree, Liverpool, tarehe 4 Aprili 1981, Bob Champion akimaliza wa kwanza katika mbio za Grand National juu ya farasi wake Aldaniti: viunzi 30, zaidi ya kilomita 7, farasi 39 waliotoka pamoja. Julai 1979, hata miaka miwili haijatimia kabla ya siku hiyo, mpanda farasi huyo alikuwa ameambiwa kwamba ana saratani ya korodani na kwamba hata akitibiwa nafasi yake ya kupona haifiki nusu. Mwaka 1984 kisa kikafanywa filamu, John Hurt akiigiza nafasi yake, na tangu hapo kimekuwa kikisimuliwa kwa njia moja tu: moyo wa mtu uliishinda saratani. Usimulizi huo naupinga. Sina nia ya kumpunguzia Champion heshima yake. Ninaupinga kwa sababu unawadhulumu watu wa makundi mawili, yaani waliokufa kwa ugonjwa huu, na walio hai ambao wangependa kuendelea kupanda na kushindana lakini hawajui wamsikilize nani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hapa mwenye haki ni madini ya platinamu. Katika miaka ya 1960 Barnett Rosenberg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alitaka kujua kama umeme unaathiri namna chembe hai zinavyogawanyika. Akapitisha mkondo wa umeme katika chombo chenye bakteria, akaona wanarefuka kama nyuzi lakini hawagawanyiki. Kumbe umeme haukuwa na hatia. Vipande vya platinamu alivyovitumia kupitishia umeme vilikuwa vikitoa kemikali kidogo kidogo, na kemikali hiyo ndiyo iliyozuia mgawanyiko. Ripoti yake ilitoka mwaka 1965, na kutokana nayo ikazaliwa dawa ya sisplatini. Mwaka 1977 Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana pamoja na mwenzake walitangaza matokeo ya kuichanganya na dawa nyingine mbili, vinblastini na bleomisini: kati ya wagonjwa 47 wenye saratani ya korodani iliyosambaa mwilini, 35 hawakuonekana tena kuwa na uvimbe. Kabla ya hapo aliyefikia hatua hiyo kwa kawaida alizikwa. Marekani iliidhinisha sisplatini Desemba 1978. Champion aligunduliwa ugonjwa wake miezi saba baadaye, akatibiwa katika hospitali ya Royal Marsden kwa mchanganyiko huohuo wa dawa tatu. Mpanda farasi wa mwaka 1969 mwenye ugonjwa uleule, hata angekuwa na moyo wa simba, asingefika Aintree. Wanaume hao walikuwapo, na hakuna aliyewatengenezea filamu.

Msomaji atasema: dawa ni kweli, lakini bila ari ya kupambana zingefanya kazi? Swali hili ni la haki, na bahati nzuri limepimwa. Mwaka 1979 hasa, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza juu ya wanawake 69 wenye saratani ya matiti katika hatua za mwanzo. Waliokuwa na moyo wa kupambana, na hata wale waliokataa katakata kukubali kwamba ni wagonjwa, walionekana kuishi vizuri zaidi katika miaka mitano kuliko walionyamaza na kukubali yaliyowafika. Habari ikaenea na kuwa karibu imani. Lakini 69 ni watu wachache. Miaka 20 baadaye jarida hilohilo lilichapisha utafiti wa wanawake 578, ulioongozwa na Maggie Watson wa Royal Marsden, na moyo wa kupambana haukuonekana kuongeza uhai hata kidogo. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake wakachunguza wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo: hali njema ya moyo haikutabiri nani angekufa na nani angeishi. Siwezi kuficha upande wa pili wa matokeo ya Watson. Wanawake waliozama katika hali ya kujiona hawana msaada wala tumaini hali zao zilikuwa mbaya zaidi kwa kiasi fulani. Hata hivyo, kutokata tamaa si sawa na kuwa shujaa. Mtu anaweza kuogopa, kulia usiku, kuchukia dripu, na bado akawa hajakata tamaa. Anayemwambia mgonjwa "pambana, utashinda" anamtwisha deni, kwa maana siku uvimbe ukirudi mgonjwa atadhani ni yeye aliyelegea.

Kama farasi hakumponya, alimfanyia nini? Hapa ndipo kisa chenyewe, ukikiondolea mapambo, kinapotoa jambo la maana. Josh Gifford, aliyekuwa akifundisha farasi huko Findon, kusini mwa Uingereza, alimwahidi Champion kwamba kazi yake itamngoja. Ahadi ya ajira haiui chembe hata moja ya saratani. Inampa mgonjwa tarehe ya mbele yake, sababu ya kula chakula kisicholika na kunyanyua miguu isiyotaka kunyanyuka. Na miguu kunyanyuka, tofauti na moyo wa kupambana, kumepimwa kukaonekana kuna faida. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika hasa Kanada na Australia kwa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kumaliza tibakemikali. Nusu walipewa vijitabu vya afya, nusu wakapewa mpango wa mazoezi wenye msimamizi kwa miaka mitatu. Baada ya miaka mitano, asilimia 80 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala saratani mpya kutokea, dhidi ya asilimia 74 upande wa pili. Baada ya miaka minane waliokuwa hai walikuwa asilimia 90 kwa 83. Tusilipake jaribio hili rangi lisiyo nayo. Lilihusu saratani moja, baada ya matibabu, na wengi wao walikuwa wakitembea kwa mwendo wa haraka. Hapakuwa na farasi. Tafiti zilizowahusisha wagonjwa wa saratani na farasi ni ndogo mno kubeba hukumu yoyote. Ninachokichukua hapa ni kidogo: ule ushauri wa zamani kwamba mgonjwa alale apumzike hauna tena mahali pa kusimama.

Lakini kutoka kutembea hadi kuruka viunzi ni safari ndefu, na anayetetea haki ya mgonjwa kushindana hana budi kuzitaja hatari kwa majina yake. Ya kwanza imo katika damu. Tibakemikali hupunguza chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Mtu mzima huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita, na wataalamu wengi husema zikishuka chini ya 50,000 mchezo wowote wenye uwezekano wa kuanguka au kugongwa usimame. Anguko ambalo kwa mzima ni jeraha la bluu pajani, kwa huyu linaweza kuwa damu kuvujia ndani ya fuvu. Ya pili ni chembe nyeupe, ambazo mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizo hatari iko zizini kuliko tandikoni, maana nyasi kavu za farasi zina ukungu, na ukungu ambao mzima anaupigia chafya tu unaweza kumwingia mapafuni mtu asiye na kinga. Kufagia zizi na kutikisa nyasi kazi hiyo apewe mwingine. Ya tatu ni mishipa ya fahamu: sisplatini na vinblastini zote mbili huweza kuacha ganzi kwenye vidole vya mikono na miguu, na mpanda farasi huzungumza na mnyama wake kwa vidole vinavyoshika hatamu na kwa nyayo zilizokaa ndani ya vikuku. Mwenye ganzi huvuta kwa nguvu asijue kwamba anavuta. Ya nne ni mapafu, kwa sababu bleomisini huweza kuyatia kovu. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli aliyepata saratani ya korodani mwaka 1996, alihamishiwa mchanganyiko usio na dawa hiyo kwa kuhofia pumzi yake. Champion alitibiwa kabla uchaguzi huo haujakuwapo. Ya tano, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni mifupa. Saratani iliyoingia uti wa mgongo hufanya mtikisiko wa kawaida wa farasi anayekwenda mbio uwe hatari, hata bila mtu kuanguka.

Ukiisoma orodha hiyo, pingamizi linakuja lenyewe: basi si ashuke tu, apone, ndipo apande? Wanaosema hivi mara nyingi ni wanaompenda, na hawasemi upuuzi. Kosa lao ni kuifanya "saratani" iwe hali moja isiyobadilika. Damu ya mgonjwa ya siku ya 10 siyo ya siku ya 21. Mifupa ya mwenye uvimbe mdogo uliokatwa ukaisha siyo ya mwenye ugonjwa uliosambaa. Marufuku ya jumla ni rahisi kutoa, ila historia inaonyesha kwamba marufuku za namna hiyo zimewahi kukosea. Kwa miaka mingi wanawake waliotolewa tezi za kwapa kwa sababu ya saratani ya matiti waliambiwa wasibebe kitu kizito kwa mkono ule, usije ukavimba. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 141 ambao mikono yao tayari ilikuwa na uvimbe huo; waliopewa mazoezi ya kunyanyua uzito, taratibu na chini ya uangalizi, hawakuvimba kuliko wengine, na mara za uvimbe kuwazidia zilikuwa chache. Ni wangapi waliokwisha kuuza farasi wao kwa amri isiyo na ushahidi? Tena, hatari ya mchezo huu haiwaandami wagonjwa peke yao. Aliyemaliza wa pili nyuma ya Champion siku ile alikuwa John Thorne, mtu mzima wa miaka 54, mpandaji wa ridhaa, juu ya Spartan Missile. Mwaka uliofuata alianguka katika mbio nyingine, akafa. Afya yake haikumkinga.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na kwa uji walikuwa sahihi. Katika hili lazima aulizwe, kwa sababu kushindana si kitu kimoja. Grand National ni ncha ya mkuki. Chini yake kuna mashindano mengi ambayo hayamrushi mtu hewani. Kuna mashindano ya farasi wa madaha, ambamo mwamuzi hupima utii na mwendo. Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza chini ya magoti kwa ugonjwa wa polio mwaka 1944, alishinda medali ya fedha humo katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 na tena mwaka 1956, ingawa ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Kuna mashindano ya magari ya kukokotwa, ambayo Mwanamfalme Philip wa Uingereza aliyageukia mwaka 1971 alipoacha polo kwa maumivu ya viungo, akayaendeleza hadi uzeeni kwa poni, wale farasi wafupi ambao mabega yao hayapiti sentimeta 148. Wengi hucheka poni, wakidhani ni mnyama wa watoto. Poni aitwaye Stroller, akipandwa na Marion Coakes, alishinda medali ya fedha ya kuruka viunzi katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 dhidi ya farasi wakubwa. Kwa mgonjwa, ufupi wa poni una faida ya wazi: kupanda na kushuka ni rahisi, na ardhi iko karibu. Lakini asidanganyike kuhusu tabia. Poni wengi ni wajanja na wakaidi kuliko farasi wakubwa, na poni anayegeuka ghafla humwangusha mtu upesi kama farasi yeyote. Kinachotafutwa ni mnyama mzee, mtulivu, aliyezoea umati, na kimo ni jambo la pili.

Najua wapo watakaoniambia kwamba haya yote ni starehe ya matajiri wa Ulaya. Farasi wa mashindano ni wa matajiri, nakubali. Sisplatini siyo: imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na wagonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi pale Ocean Road, Dar es Salaam, huipata pamoja na mionzi. Ganzi ya vidole inayomsumbua mshika hatamu ndiyo inayomsumbua mshonaji na msusi. Swali ni lilelile pia: mtu huyu aachiwe kazi yake kwa kipimo, au anyang'anywe yote kwa huruma?

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mgonjwa anayetaka kushindana apewe majibu ya vipimo vyake vya juma hilo, aelezwe hali ya mifupa yake, na achague mchezo pamoja na daktari anayejua farasi hufanya nini. Asiahidiwe kwamba farasi atamponya. Hata hivyo, hesabu hii yote imemhusu mpandaji peke yake. Aldaniti naye aliumwa: miguu yake iliwavunja wengi moyo zaidi ya mara moja, na alirudi mbioni majira yaleyale ya baridi yaliyotangulia ushindi wa Aintree. Champion aliulizwa kama anakubali matibabu. Farasi hakuulizwa, na ndipo tutakapoanzia juma lijalo.