Viwango vya moshi wa magari vyazidi kubana, mnunuzi wa Kahama ajiandae na nini?

KWA mtu anayesimama pembeni mwa barabara kuu inayokatiza Manispaa ya Kahama, moshi wa magari si jambo la kuhadithiwa. Malori yanayotoka Dar es Salaam kuelekea Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo hupita hapo usiku na mchana. Hapo hapo hupita Hiace, Noah, bodaboda, bajaji na magari madogo ya abiria ambayo wakazi wa Kanda ya Ziwa wameyabatiza jina la michomoko.

Mengi ya magari hayo yalikwisha kutumika Japan kabla ya kufika nchini. Ndiyo maana kila nchi za Afrika Mashariki zinapokaza viwango vya moshi, swali la kwanza la mkazi wa kawaida ni moja: je, gari ambalo amekuwa akidunduliza fedha kulinunua litazidi kupanda bei, au litazuiwa kabisa kuingia?

Jibu lake linahitaji kuangalia mambo matatu kwa pamoja, yaani gari lenyewe, mafuta linayotumia na kodi inayotozwa bandarini. Ukikaza kimoja na kuviacha vingine, moshi hubaki pale pale, na anayeumia ni mnunuzi.

Viwango hivyo ni nini?

Vipimo vinavyotajwa zaidi duniani ni vile vya Ulaya, vinavyojulikana kwa jina la Euro. Euro 1 ilianza mwaka 1992, Euro 2 mwaka 1996, Euro 3 mwaka 2000, Euro 4 mwaka 2005, Euro 5 mwaka 2009 na Euro 6 mwaka 2014. Kila hatua hupunguza kiasi cha sumu kinachoruhusiwa kutoka katika bomba la moshi.

Mfano mzuri ni masizi ya magari madogo ya dizeli. Chini ya Euro 1, gari liliruhusiwa kutoa gramu 0.14 kwa kila kilomita. Chini ya Euro 4 kiasi hicho kilishuka hadi gramu 0.025, na Euro 5 ikakishusha hadi gramu 0.005. Kwa hiyo, katika muda usiofikia miaka 20, masizi yaliyoruhusiwa yalipungua kwa zaidi ya mara 25.

Upungufu huo una maana kubwa kwa afya. Juni mwaka 2012, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), uliutangaza moshi wa injini za dizeli kuwa ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa eneo lenye migodi ya chini ya ardhi kama Bulyanhulu, makarasha ya kusagia mawe yanayoendeshwa kwa dizeli na msururu wa malori, tamko hilo linagusa maisha ya kila siku.

Nchini Tanzania, kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitungwa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Aidha, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina kiwango namba TZS 698, kinachoeleza namna ya kukagua gari lililotumika ili kujua kama linafaa kutembea barabarani. Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) nayo iliandaa kiwango cha pamoja cha moshi wa magari, EAS 1047, toleo la mwaka 2022.

Mafuta kwanza, gari baadaye

Kiwango cha gari hakiwezi kufanya kazi bila mafuta safi. Ndani ya bomba la moshi la gari la kisasa la petroli kuna kifaa ambacho mafundi wa gereji huita masega, kwa sababu kina vitundu vidogo vidogo mithili ya sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani, yakiwamo platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo huigeuza sehemu kubwa ya gesi zenye sumu kuwa hewa ya ukaa, mvuke wa maji na naitrojeni kabla hazijatoka nje.

Adui wa kwanza wa masega alikuwa madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa katika petroli. Risasi huyafunika madini hayo ya thamani na kukiua kifaa. Mwezi Juni mwaka 2001, wajumbe wa nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuachana na petroli yenye risasi. Mwanzoni mwa mwaka 2006 ukanda huo ulikuwa umeiacha, na mwaka 2021 Shirika la Mpango wa Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) likatangaza kwamba petroli hiyo haiuzwi tena kwa ajili ya magari popote duniani.

Adui wa pili ni salfa, iliyomo zaidi katika dizeli. Salfa hupunguza nguvu ya masega, huongeza masizi na hutengeneza asidi inayokula injini. Kuanzia Januari 1, mwaka 2015, nchi za EAC zilianza kutumia kiwango kipya cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja ya mafuta. Kabla ya hapo, dizeli iliyouzwa katika ukanda huu iliruhusiwa kuwa na salfa mara 10 ya kiasi hicho au zaidi.

Ili kuielewa tofauti hiyo, chukua lori la mafuta lenye lita 35,000 za dizeli likielekea Kahama. Kwa kiwango cha sehemu 50, mzigo wote huo una salfa isiyozidi kilo moja na nusu hivi. Kwa kiwango cha sehemu 500, mzigo huo huo ungebeba karibu kilo 15, ambazo zote zingeishia hewani na ndani ya injini.

Badiliko hilo liliwezekana kwa sababu Tanzania huagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta ghafi miaka mingi kabla ya hapo, na tangu kuanza kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja, ubora unaotakiwa huandikwa ndani ya zabuni. Nchi haikulazimika kukarabati kiwanda cha zamani kwa gharama kubwa ili ipate dizeli safi.

Hata hivyo, dizeli safi bandarini si lazima iwe dizeli safi Kahama. Safari ya karibu kilomita 1,000 ina vituo vingi, na uchakachuaji ulikuwa kilio kikubwa cha wenye magari. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, hivyo waliokuwa wakiyachanganya na dizeli au petroli walivuna faida ya haraka. Mwaka 2010, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka uliofuata Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho.

Kwa mwenye gari la zamani la injini ya kawaida, mafuta mabaya yalimaanisha moshi mweusi na injini kukosa nguvu. Kwa mwenye gari jipya zaidi lenye nozeli za kompyuta, masega na chujio la masizi, mafuta hayo hayo yanaweza kumaanisha kubadilisha vifaa vya gharama kubwa. Magari ya Euro 5 na Euro 6 yalitengenezwa kwa ajili ya mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 10. Hivyo, anayeagiza dizeli ya kisasa mno kutoka Ulaya hana budi kujiuliza kwanza kama atapata mafuta yanayolifaa.

Kwa nini ya Japan?

Kufurika kwa magari ya Japan hakutokani na bei pekee. Nchini humo gari la binafsi hukaguliwa miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na kadiri linavyozeeka ndivyo gharama za kulipitisha zinavyomchosha mwenyewe. Wengi huona nafuu kuliuza.

Viwango vya moshi navyo husukuma. Mwaka 1999, aliyekuwa gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwaonyesha waandishi wa habari chupa iliyojaa masizi ya dizeli. Oktoba mwaka 2003, Tokyo na mikoa mitatu jirani ilipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyokidhi kiwango cha masizi. Gari lililokataliwa katika mji mmoja halitoweki. Aghalabu hupakiwa melini kwenda mahali ambako halijakataliwa.

Ripoti ya UNEP ya Oktoba mwaka 2020 ilieleza kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japan na Marekani kwenda nchi nyingine. Asilimia 80 yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ya hayo yaliishia Afrika.

Umri au moshi?

Kenya iliamua kuzuia magari yaliyopita miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania ilichagua njia ya kodi, ambapo gari kuukuu linaruhusiwa lakini hulipiwa zaidi.

Katika miongozo ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ya miaka ya karibuni, gari dogo la abiria lenye umri wa miaka minane hadi 10 hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Hii ni mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18.

Chukua gari ambalo TRA imelithamini kuwa shilingi milioni 10. Baada ya ushuru wa forodha, thamani hufika shilingi milioni 12.5. Likiwa na miaka tisa, ushuru wa uchakavu ni shilingi 1,875,000. Likiwa na miaka 11, ni shilingi 3,750,000. Ukiongeza kodi ya asilimia 18 juu ya tofauti hiyo, umri peke yake umemgharimu mnunuzi zaidi ya shilingi milioni 2.2.

Ikumbukwe kuwa hesabu hufanywa kwa thamani iliyowekwa na TRA, wala si lazima iwe bei ambayo mnunuzi alikubaliana na muuzaji wa Japan. Wengi hushtuka bandarini kwa kutolijua hilo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba umri haupimi moshi. Gari la miaka 11 lenye masega mazima na injini iliyotunzwa linaweza kuchafua hewa kidogo kuliko la miaka sita ambalo masega yake yamekatwa. Na kukatwa huko kupo. Madini yaliyomo ndani yake yana soko, na wako wenye magari wanaoshauriwa kwamba bila masega gari "litapumua". Likishaondolewa, taa ya onyo ya injini huwaka, na sumu iliyokuwa ikisafishwa hutoka yote. Anayeivuta kwanza ni dereva wa bodaboda aliye nyuma na mama lishe aliye kando ya barabara.

Mnunuzi aangalie nini?

Hatua ya kwanza ni kusoma namba ya modeli katika hati za Japan. Herufi zinazotangulia zina maana. Gari la petroli linaloanza na DBA lilitoa sumu pungufu kwa asilimia 75 kuliko kiwango cha Japan cha mwaka 2005, na CBA ni pungufu kwa asilimia 50. Baadhi ya magari bado yana stika hiyo katika kioo cha nyuma. Nyota nne ni asilimia 75, nyota tatu ni asilimia 50.

Pili, anayenunua gari lililokwisha kutumika hapa nchini amwombe fundi alinyanyue na kuthibitisha kuwa masega yapo, kisha lipimwe kwa kompyuta. Moshi wa bluu huashiria injini inayokula oili, na moshi mweusi huashiria mafuta yasiyoungua vizuri. Tatu, kodi ikokotolewe kabla ya kutuma fedha, kwa kuangalia mwaka wa kutengenezwa.

Nne, mafuta yanunuliwe katika kituo kinachotoa risiti, na risiti itunzwe. Yule anayejaza tangi kwa vidumu vya kando ya barabara kwa sababu ya nafuu ya shilingi chache hana ushahidi wowote siku injini itakapogoma.

Wajibu hauishii kwa mnunuzi. Gari lililokaguliwa mara moja wakati wa kuingia nchini linaweza kukaa barabarani miaka 15 zaidi bila bomba lake kupimwa tena kwa kifaa. Bila upimaji wa mara kwa mara katika miji kama Kahama, mnunuzi ataendelea kulipia umri wa gari, na moshi utaendelea kulipiwa na wanaouvuta.