Maradhi Hayangoji Ruhusa ya Kuvuka Mpaka

Wakati wa kiangazi mchungaji wa Kajiado huvuka mpaka kutafuta majani upande wa Longido, Tanzania, na mwenzake wa Longido huja Kajiado vivyo hivyo. Ng'ombe hawazijui alama za mpaka, wala mbu hawazijui. Ndiyo sababu nchi jirani zimeona kuwa haifai kila moja kupigana na maradhi peke yake. Yafaa kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

Tutwae mfano wa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulitambulikana kwanza nchini Kenya mwaka 1931, katika kondoo wa shamba moja la Bonde la Ufa. Mbu wauenezao hutaga mayai mahali penye mabwawa ya mvua, na mayai yenye vijidudu vya ugonjwa huweza kukaa ardhini miaka mingi ya ukavu bila kufa. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakituama, mayai huanguliwa. Ndipo mifugo mingi hutupa mimba kwa wakati mmoja, na watoto wa kondoo hufa. Kisha watu hupatwa, hasa wale wachinjao mnyama mgonjwa na kugusa damu yake.

Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua nyingi, homa hiyo ilizuka kaskazini mashariki ya Kenya. Haikupita miezi mingi ikawa imeonekana Somalia na Tanzania pia. Katika Kenya peke yake watu zaidi ya 150 walikufa. Masoko ya mifugo yalifungwa, na kuchinja kukakatazwa katika sehemu zilizopatwa.

Hapa ndipo penye shida. Mwenye ng'ombe akijua kuwa soko litafungwa, huogopa kutoa habari. Na serikali nayo huweza kuogopa kwamba jirani atakataa mifugo yake. Lakini nchi moja ikifunga soko bila kumwambia jirani, mifugo hupitishwa njia za porini mpaka soko la pili, na ugonjwa huenda pamoja nayo. Mwisho wake masoko yote mawili hufungwa, na kwa muda mrefu zaidi. Nchi zote mbili zikipata habari mapema, huweza kuuzuia ugonjwa ungali mdogo. Kwa hiyo Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 huagiza kwamba serikali ikitambua jambo la hatari liwezalo kuenea, iliarifu Shirika la Afya Ulimwenguni kabla saa 24 hazijapita.

Lakini kanuni haitoshi, yahitaji mazoezi. Mwezi wa Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya zoezi kubwa Namanga kwa msaada wa Shirika hilo. Kenya na Tanzania zilijifanya kana kwamba homa ya Bonde la Ufa imezuka. Madaktari wa watu, madaktari wa mifugo na maofisa wa mpakani walijaribu kupashana habari na kutenda kazi pamoja, ili kasoro zionekane kabla ya siku ya hatari yenyewe.

Juma hilo hilo siku ya hatari ilifika kwingine. Jamaa moja iliyokuwa na mtoto wa miaka 5 mwenye Ebola ilivuka kutoka Congo kuingia wilaya ya Kasese, Uganda. Maofisa wa Congo waliwaarifu wenzao wa Uganda, ambako wauguzi wengi walikuwa wamekwisha kufundishwa na kuchanjwa. Watu 3 wa jamaa ile walikufa, na huo ni msiba mkubwa. Lakini ugonjwa haukumwambukiza mtu mwingine yeyote nchini Uganda wakati huo.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mfugaji aonaye mifugo yake ikitupa mimba baada ya mvua kubwa asiguse vitoto hivyo kwa mikono mitupu, asimchinje mnyama mgonjwa, wala asinywe maziwa yasiyochemshwa. Na ampelekee daktari wa mifugo habari siku ile ile. Habari hiyo ndiyo itakayovuka mpaka, na ni lazima iutangulie ugonjwa.