Simu za kupangusa Lushoto: Betri kwanza, kamera baadaye

MKULIMA wa nyanya wa Lukozi, wilayani Lushoto, huitegemea simu yake kuliko kawaida kwa saa chache tu katika wiki. Ni zile saa za kati ya mzigo kupakiwa kwenye Fuso na mzigo kushushwa Dar es Salaam. Katika muda huo bei ya tenga inaweza kupanda au kuporomoka bila mwenye mali kuwa na habari. Simu ikizimika hapo, anayebaki anajua bei ni dalali peke yake.

Chukua mfano wa mzigo wa matenga 100. Dalali akificha shilingi 2,000 tu katika kila tenga, mkulima amepoteza shilingi 200,000 kwa safari moja. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa simu milimani Usambara ni suala la mtaji, na simu za kisasa zilipoanza kuuzwa kwa wingi Afrika Mashariki, kati ya mwaka 2008 na 2012, wengi walichagua kwa kutazama kioo na kusahau betri.

Ikumbukwe kwamba faida kubwa ya simu ilikuwa imeshapatikana hata kabla ya hapo. Mradi wa First Mile, ulioanza mwaka 2005 kwa msaada wa IFAD, uliwatumia wapelelezi wa masoko waliopewa jina la mashushushu. Walizunguka sokoni, wakauliza bei, kisha wakapiga simu kijijini. Kazi hiyo haikuhitaji intaneti wala kamera. Vivyo hivyo M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, ilifanya kazi hata kwenye kitochi. Kwa lugha ya uchumi, fedha iliyoongezwa kununua simu kubwa ilipaswa kulipwa na kazi ambayo kitochi hakiwezi, kama vile kumtumia mnunuzi picha ya mzigo.

Simu tatu zinatosha kuonyesha ugumu wa uchaguzi huo. Nokia E63 ya mwaka 2008 ilikuwa na betri ya mAh 1,500, vitufe vya herufi zote na taa iliyotumika kama tochi, lakini kioo chake kilikuwa kidogo, inchi 2.36, na haikuwa na GPS. Nokia 5230 ya mwaka 2009 ilikuwa na GPS na kioo cha kugusa cha inchi 3.2, kwa betri ya mAh 1,320. Huawei IDEOS, iliyouzwa Kenya mwaka 2011 kwa takriban dola 100 za Marekani, ilileta Android kwa bei ambayo mfanyabiashara mdogo angeweza kuifikiria. Betri yake ilikuwa ya mAh 1,200.

Namba hizo zinaweza kumdanganya mnunuzi. Nokia 1100, kitochi kilichotoka mwaka 2003, ilikuwa na betri ya mAh 850 tu, lakini mtengenezaji aliahidi hadi saa 400 za kukaa bila kutumika. IDEOS yenye betri kubwa zaidi ilidai chaji karibu kila siku. Kioo, prosesa na programu zinazofanya kazi kimyakimya ndivyo vinavyokula. Kabla umeme wa REA haujafika katika vijiji vingi, chaji ilinunuliwa dukani kwenye jenereta au sola, na mwenye simu aliiacha huko kwa saa kadhaa. Gharama hiyo ya kila siku haikuandikwa kwenye boksi la simu. Anayelipia chaji kila siku analipa mara saba ya yule anayelipia mara moja kwa wiki, achilia mbali muda wa kwenda na kurudi.

Mlima unavyokula chaji

Jiografia ya Usambara huongeza tatizo. Vijiji vingi viko nyuma ya vilele au chini mabondeni, na mawimbi ya simu hayapendi mlima. Masafa ya 900 ya GSM hufika mbali na hupinda kwenye vikwazo vizuri kuliko masafa ya 2100 yaliyotumiwa na 3G ilipoanza. Simu ikiwa mbali na mnara hupandisha nguvu ya kurusha mawimbi, na ile ya 3G huhangaika kati ya mitandao miwili. Hivyo simu ileile inayodumu siku nzima Mombo, chini tambarare, inaweza kufika mchana tu ikiwa imekufa bondeni.

Dawa yake haina gharama. Ni kuingia kwenye mipangilio na kuilazimisha simu ibaki 2G siku ya soko, kisha kufungua intaneti inapohitajika. Aidha, baridi ya Juni na Julai hupunguza kwa muda uwezo wa betri, hivyo ni vyema simu ikae mfuko wa ndani wa koti.

Kioo nacho kina hesabu yake. Kile cha 5230 huhisi mgandamizo, kwa hiyo kinakubali ukucha na hata kidole chenye tope, ingawa ni kizito kupangusa. Kile cha IDEOS ni laini, lakini maji yakikiingia juu kinachanganyikiwa. Kwa anayeosha karoti mtoni, E63 yenye vitufe ilikuwa chaguo la busara, hata kama haikuwa na fahari yoyote.

Kamera ndiyo iliyobadilisha hesabu baadaye. Megapikseli 2 zilitosha kumwonyesha mnunuzi wa Kariakoo ukubwa wa kabichi. Lakini mwaka 2014 kanitangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, alithibitika kuingia Tanzania, na kiwavi wake anapoanguliwa hana hata milimita mbili. Picha yenye ukungu haimsaidii bwana shamba kumtambua, na kukosea dawa ni hasara mara mbili. Kwa mkulima wa nyanya, kamera inayoona karibu ilianza kustahili bei yake hapo.

Kilichoziondoa simu hizo sokoni, hata hivyo, hakikuwa betri wala kamera. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 2.2 ya IDEOS mwishoni mwa mwaka 2016, na kwenye Nokia za Symbian katikati ya mwaka 2017. Kumbukumbu ndogo, MB 256 kwa IDEOS, haikuacha nafasi ya kukua. Anayenunua simu ya bei nafuu leo aulize kumbukumbu na toleo la Android kabla ya rangi.

Wapo waliomaliza mjadala kwa kumiliki simu mbili, kitochi cha kupiga na simu kubwa ya picha. Mara nyingi hesabu yao ilikuwa sahihi, kwani kitochi cha bei rahisi kililinda mzigo wote.

Kwa simu iliyotumika, mnunuzi abonyeze *#06# na kulinganisha namba 15 zitakazotokea na zile zilizo ndani ya simu. Mwezi Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia, na wengi waliachwa na vyuma mkononi. Kama betri inatoka, ailaze juu ya meza iliyonyooka na kuizungusha kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba, na bei ya betri mpya ikatwe kwenye bei ya simu palepale.