2,147,483,647 (namba)

2,147,483,647 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Ni sawa na 2³¹ − 1. Ni ya nane kati ya namba tasa za Mersenne, zinazoitwa kwa jina la mtawa na mwanahisabati Mfaransa Marin Mersenne (1588–1648).

Namba za Mersenne

Namba ya Mersenne ni kipeo cha 2 kasoro 1. Ili iwe tasa, kipeo chenyewe lazima kiwe namba tasa, lakini hilo pekee halitoshi. Kwa mfano, 11 ni namba tasa, lakini 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Kwa hiyo kila namba ya aina hii huhitaji uthibitisho wake.

Uthibitisho wa Euler

Mwaka 1772 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi aliyeishi Saint Petersburg, alitangaza kwamba 2³¹ − 1 ni tasa. Wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa.

Ili kuthibitisha kwamba namba ni tasa, inatosha kujaribu vigawo visivyozidi kipeuo chake cha pili. Hapa kipeuo hicho ni takriban 46,341, na chini yake kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Euler alipunguza kazi hiyo kwa kanuni mbili. Kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1 kikigawanywa kwa 62 (mara mbili ya 31) lazima kiache baki 1. Kikigawanywa kwa 8 lazima kiache baki 1 au 7. Mfano wa 2,047 unaonyesha jambo hilohilo: 23 na 89 zikigawanywa kwa 22 (mara mbili ya 11), kila moja huacha baki 1.

Kanuni hizo zikiunganishwa, hubaki namba zinazoacha baki 1 au 63 zikigawanywa kwa 248. Hivyo migawanyo isiyozidi 372 inatosha, na hakuna hata mmoja usioacha baki.

Namba kamilifu

Namba kamilifu ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe, kama 6 = 1 + 2 + 3. Kutokana na 2³¹ − 1 hupatikana namba kamilifu ya nane: 2³⁰ × (2³¹ − 1) = 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haitagunduliwa kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa namba hizo hazina manufaa. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, na hivyo ikapatikana namba kamilifu kubwa zaidi.

Katika kompyuta

Namba kamili yenye alama ya chanya au hasi ikihifadhiwa kwa biti 32, biti moja huonyesha alama na 31 hubaki. Kwa hiyo thamani kubwa kabisa ni 2,147,483,647. Mifumo inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa njia hiyo itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC. Sekunde inayofuata hesabu inaweza kurudi kwenye −2,147,483,648, yaani Desemba 1901. Mifumo mingi inahamia biti 64 ili kuepuka tatizo hilo.