Firauni Alilipwa Kiasi Gani?

Imekuwa ada ya watu wa Kasongo, wakinikuta nje ya kanisa au njiani kwenda sokoni, kuniuliza swali ambalo nimelijibu mara nyingi mno hata nimeanza kulisikia kabla muulizaji hajafumbua kinywa: Mwalimu, ukombozi ni kiasi gani? Zamani waliliuliza kwa adabu ya kielimu, wakitaka kujua, madhali Kristo alitoa uhai wake kuwa fidia, fidia hiyo ilipokewa na nani. Siku hizi swali limeteremka kutoka mbinguni likaingia mkobani, na muulizaji hutaka hesabu ya franka. Kwangu hayo si maswali mawili. Ni swali moja lililovaa kanzu mbili, nalo ni baya katika kanzu zote mbili, na nisingalijisumbua kuliandikia makala kama si karatasi niliyowekewa mezani mwezi uliopita.

Aliyeileta ni mama mmoja muuza mchele. Ulikuwa ukurasa uliochanwa katika daftari la shule, wenye doa la mawese pembeni, na umekunjwa mara nyingi hata mikunjo ilikuwa inataka kukatika. Upande wa kushoto yaliandikwa majina ya wazee saba wa ukoo wake, kuanzia babu mzaa baba hadi mtu ambaye mama mwenyewe hakuwa na yakini kama aliwahi kuishi. Upande wa kulia, mbele ya kila jina, kiasi cha franka. Na chini kabisa, mbuzi jike mmoja na muhuri wa zambarau wa chumba cha maombi. Mhubiri aliyeiandika alikwisha kumweleza kwamba wazee wa nchi hii walikuwamo katika biashara ya watumwa, wengine wakiuza na wengine wakiuzwa, kwamba laana ya waliouza na aibu ya waliouzwa zimeshuka katika damu hata zikamfikia mwanawe mwenye degedege, na kwamba kila mzee sharti atolewe sadaka ya ukombozi yake peke yake. Watatu alikwisha kuwalipia. "Mwalimu," aliniambia, "unisaidie tu kujua kama wale wanne waliobaki naweza kuwalipia pamoja, bei ipungue."

Sishangai kwamba hila hiyo imepata wanunuzi hapa. Karne ya kumi na tisa ilipokuwa ikielekea ukingoni, Kasongo ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia humjua kwa lakabu ya Tippu Tip, na misafara ya pembe na ya watu waliofungwa ilipita Kabambare ikielekea ziwa Tanganyika, ikavuka kwenda Ujiji, Tabora na pwani. Na Nyangwe, kando ya Lualaba, ndipo Livingstone alipoona, mwezi wa Julai 1871, watu waliokuja sokoni na vikapu vyao wakipigwa bunduki. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis yaliuteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na mahali pa mji ule wa zamani leo panaitwa Tongoni, yaani penye magofu. Lakini neno halitekwi pamoja na mji. "Kukomboa" lilikuwa neno la soko kabla ya kuwa neno la kanisa: aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake alikombolewa, mtumwa alikombolewa, na mali iliyotolewa iliitwa komboleo, na wamisionari walipolitwaa neno hilo kufasiria fumbo la msalaba, walilitwaa pamoja na mizani yake.

Tazama jinsi mizani hiyo ilivyofanya kazi. Adrien Atiman alikuwa mtoto wa Afrika ya Magharibi, akaibwa, akavushwa Sahara, akanunuliwa na Mapadri Weupe na kuachwa huru, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa letu, akawatibu watu wa huko hata alipofariki mwaka 1956. Ni hadithi tukufu, na wakatekista hupenda kuitumia kuwa mfano wa ukombozi wetu. Mimi nawaomba waitumie kwa hadhari. Maana fedha ya Atiman ilikwenda kwa nani? Ilikwenda kwa mwizi, ambaye hakuwa na haki yoyote juu ya mtoto yule, akalipwa kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kumtoa mkononi mwake. Ukiuchukua mfano huo ukaupeleka mzima mzima hadi Golgotha, huna budi kumtafuta mwizi wa kulipwa, na huna budi kukiri kwamba Mungu naye alikosa njia nyingine.

Wapo waliothubutu kusema hivyo, wala hawakuwa wajinga. Origene, katika karne ya tatu, aliona kwamba fidia haikuweza kulipwa ila kwa Shetani aliyekuwa ametushika. Gregori wa Nisa akaongeza kwamba Shetani alinaswa kama samaki, akameza ubinadamu wa Kristo bila kuiona ndoana ya uungu iliyofichwa ndani yake. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, ndiye aliyekasirika kama inavyostahili: ni fedheha, alihoji, mnyang'anyi apokee malipo, tena malipo ambayo ni Mungu mwenyewe, na ikiwa aliyelipwa ni Baba, kwa nini afurahie damu ya Mwanawe yeye ambaye hata Isaka hakumkubali madhabahuni? Anselmi wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alimfukuza Shetani katika hesabu moja kwa moja, akasema deni letu ni deni la heshima tuliyomnyima Mungu. Na ingawa yeye mwenyewe aliandika kwa uangalifu mkubwa, waliomfuata wakahubiri kana kwamba mbinguni kuna daftari la wadeni. Sisi Wakatoliki, nakiri, hatuna haki ya kumcheka mhubiri wa muhuri wa zambarau: biashara ya rehema ilifanywa nyumbani mwetu kule Ujerumani, na Martin Luther alipoipinga mwaka 1517 alikuwa na sababu. Hata hivyo Kanuni ya Imani tunayoikiri kila Jumapili yasema kwamba mambo hayo yalifanyika kwa ajili yetu, isiseme hata kwa neno moja nani alilipwa.

Basi kila anayeniuliza bei, nami humuuliza bei. Maandiko yenyewe yanaposema kwa mara ya kwanza kwamba Mungu aliwakomboa watu, yanasema habari za wana wa Israeli waliokuwa watumwa Misri. Firauni alilipwa kiasi gani? Hakulipwa hata senti. Alipoteza watumwa, akapoteza magari, akapoteza askari, wala hatusomi popote kwamba Musa alimkabidhi komboleo. Na neno la Kiebrania linalotumika pale halikutoka sokoni, limetoka katika ukoo: ni neno la ndugu wa damu ambaye, jamaa yake akifilisika hata kujiuza kwa mgeni, ana wajibu wa kumwendea na kumrudisha nyumbani, na kitabu cha Mambo ya Walawi kinawataja kwa daraja zao, ndugu, kisha ami, kisha mwana wa ami. Watu wa Maniema hawahitaji mwalimu wa Kiebrania kulielewa jambo hilo, kwa sababu kila mmoja wetu anajua ni nani hutumwa mtoto wa dada akishikwa mbali. Isaya, akisema na watu waliokuwa uhamishoni Babeli, anafika hadi kuwaambia kwamba waliuzwa bure na watakombolewa bila fedha. Wajibu wa ndugu ndio uti wa mgongo wa mafundisho haya, na mtu akiuondoa akabaki na mizani peke yake, amebaki na duka.

Mhubiri wetu atajibu kwamba yeye naye ana aya zake, na ni kweli anazo. Nimezikuta zimenukuliwa nyuma ya ile karatasi. Ya kwanza ni ya kitabu cha Kutoka, ambamo kila mtu aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake. Laiti angalisoma mistari inayofuata, kwa kuwa pale imeamriwa kwamba tajiri asizidishe wala maskini asipunguze, na fedha yote iende katika utumishi wa hema ya kukutania. Nami natamani kumwona mhubiri atakayewatoza nusu shekeli sawasawa mwenye duka la vitambaa na mama muuza mchele. Ya pili ni shekeli tano za kumkomboa mzaliwa wa kwanza. Lakini mtoto yule alikuwa na umri wa mwezi mmoja! Alikuwa ametenda dhambi gani? Shekeli zile hazikuhusu dhambi kabisa. Zilikuwa ukumbusho wa usiku wa kutoka Misri. Ya tatu ni ya Waebrania, kwamba pasipo damu hakuna ondoleo, na hapo ndipo mbuzi alipoingilia. Ila mwandishi yule, mtu makini, ametanguliza neno "karibu" ambalo wahubiri wetu hulimeza kama mfupa wa dagaa, kwa sababu alijua, kama wanavyojua wote waliosoma sura ya tano ya Walawi, kwamba maskini asiyeweza mwana-kondoo alileta hua wawili, na asiyeweza hua alileta unga, unga mkavu usio na tone la damu, akasamehewa sawa na mwenye kondoo. Ya nne ni ile ya maovu ya baba kupatilizwa kizazi cha tatu na cha nne, ambayo hunukuliwa bila Ezekieli sura ya kumi na nane, ambamo nabii anakana kwa sauti kuu kwamba mwana atauchukua uovu wa baba yake. Na aya ambayo haimo kabisa nyuma ya karatasi ile ni ya waraka wa kwanza wa Petro, inayosema kwamba tumekombolewa katika mwenendo usiofaa tuliourithi kwa wazee wetu, tena si kwa fedha wala kwa dhahabu. Wazee wamo mle, na fedha imo. Mtu angeagiza aya ya kuipinga karatasi ile asingepata iliyo bora.

Na yule mbuzi? Siku ya Upatanisho waliletwa mbuzi wawili wakapigiwa kura. Mmoja alichinjwa, damu yake ikapelekwa ndani ya patakatifu, maana damu kwao ni uhai, na uhai ulisafisha palipotiwa unajisi na mauti. Na ni Mungu anayesema kwamba yeye ndiye aliyewapa damu hiyo juu ya madhabahu, wala hasemi kwamba wao walimpa yeye. Wa pili ndiye aliyewekewa mikono na kutajiwa dhambi zote za watu, kisha akapelekwa jangwani asionekane tena. Hakufungwa uani kwa kuhani akila majani na kunenepa. Majirani zetu Waislamu wa Kasongo, wanaotumia maneno haya haya ya kafara na fidia, wana jambo la kutufundisha hapa: kafara ya kiapo kilichovunjwa ni kulisha maskini kumi, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hufunga siku tatu, chakula huishia tumboni mwa maskini, na sheikh hapati kitu.

Nikifika hapo, wenye akili hunijia na hoja yao: je, msalaba haukugharimu kitu? Uligharimu kila kitu. Lakini gharama si malipo. Mtu anayejitupa katika Lualaba kumtoa mtoto aliyeanguka mtumbwini, akamfikisha ukingoni kisha akachukuliwa na maji, ametoa uhai wake kwa ajili ya mtoto yule, na hakuna mwenye akili timamu atakayeuliza kama mto umeridhika na bei. Paulo anaposema kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, anayepatanishwa ni ulimwengu. Mungu hakuwa na haja ya kuhongwa ili atupende. Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba damu ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyetuongoza Kasongo kabla ya kuhamia Bukavu na kuuawa huko tarehe 29 Oktoba 1996, imelipa deni la Kongo. Alikufa kwa kuwa hakutaka kunyamaza watu walipokuwa wakiteswa. Hiyo yatosha, na tusimfanye sarafu.

Mambo ya kufanya ni machache na nafasi imekwisha. Mkatoliki aende kitubio, ambacho hakina malipo, na akiambiwa kina malipo aondoke. Mprotestanti atubu mbele ya Mungu na, kosa likiwa la hadharani, mbele ya kusanyiko lake. Aliyedhulumu mali airudishe kwanza kwa mwenyewe na kuongeza sehemu ya tano, kama Torati ilivyoagiza, ndipo aje kusali. Wenye uchungu wa habari za wazee, waliouza na waliouzwa, wakae barazani waelezane yaliyotendeka, maana ukweli hauhitaji mbuzi. Mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali usiku huo huo. Na aliyekwisha kulipa aende na mashahidi akadai chake.

Yule mama alikwenda na mjomba wake. Mbuzi alirudishwa siku ile ile. Franka za wazee watatu hazijarudi hata leo.