Maji Ndiyo Adui wa Ganda la Kuku

Ukisikiliza watu wakizungumzia kuku wa kukaanga, maneno karibu yote huishia kwenye viungo. Huyu ana masala yake ya siri, yule hakaangi bila paprika, mwingine anaapa kwa unga wa kitunguu saumu. Viungo vina kazi yake, nayo ni ladha. Kufanya ganda likauke na libaki limekauka si kazi yake, na hapo ndipo vipande vyembamba vya kidari vinapowashinda wengi: vinatoka jikoni vizuri, vikifika mezani vimelegea na mafuta yanatiririka vidoleni. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kukaanga ni njia ya kukausha, na anayetaka ganda kavu hana budi kuyafuatilia maji tangu nyama ikiwa juu ya ubao wa kukatia hadi inapotafunwa. Akijua maji yako wapi na yanaelekea wapi, mapishi yoyote yatamkubali. Asipojua, hata viungo vya bei havitamsaidia.

Tuanze ndani ya mafuta. Kidari kibichi ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, pungufu kidogo kwa wakaao nyanda za juu kama Nairobi, ilhali mafuta ya kukaangia huwa kwenye nyuzi 170 hadi 180. Kipande kikitumbukia, maji ya juu yake hugeuka mvuke papo hapo. Yale mapovu tunayoyaona si mafuta yanayochemka, ni maji yanayotoka. Maadamu uso wa kipande bado una maji, joto lake halipandi sana juu ya nyuzi 100, kwa kuwa joto linaloingia lote linatumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Sasa, ile rangi ya dhahabu na harufu ya kuku aliyekaangwa hutokana na mmenyuko kati ya chembe za protini na sukari ambao mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, na mmenyuko huo hupata kasi ya maana jikoni kuanzia kama nyuzi 140. Uso uliolowa haufiki huko. Sharti ukauke kwanza, ndipo upate rangi.

Wengi huogopa mafuta ya moto wakiamini kwamba moto mdogo ndio salama na kwamba chakula hunywa mafuta kikiwa kinatokota. Utafiti wa namna chakula kinavyokaangika unaonyesha kinyume chake. Wakati mvuke unatoka kwa nguvu, unayasukuma mafuta nyuma, na kinachoingia ndani ni kidogo. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kipande kutolewa: mvuke uliobaki kwenye vitundu vya ganda unapoa na kurudi kuwa maji, shinikizo ndani linashuka, na mafuta yaliyoganda juu ya kipande yanafyonzwa. Hivyo sekunde za kwanza nje ya sufuria zina uzito ambao wapishi wengi hawaupi. Kipande kinapaswa kutikiswa vizuri juu ya karai kikiwa bado kinachemka, mafuta ya juu yadondoke kabla hayajavutwa ndani. Moto mdogo hukuza tatizo lenyewe, kwa sababu ganda linakaa muda mrefu bila kukauka, mvuke unatoka kwa unyonge, na kipande kinatolewa kikiwa na maji na mafuta pamoja.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuyatunza mafuta yasipoe, na hapa hesabu kidogo inasaidia. Chukua nusu kilo ya kidari kilichokatwa vipande na lita moja ya mafuta yenye nyuzi 175. Kuipasha moto nusu kilo hiyo kutoka ubaridi wa friji hadi kuiva kunahitaji joto kiasi cha kilojuli 110. Lita ya mafuta ikipoa kwa nyuzi 10 hutoa kilojuli 18 tu au 19. Maana yake ni kwamba, kama jiko lingezimwa, mafuta yangeshuka hadi karibu nyuzi 115 kwa kuipasha nyama peke yake, kabla hatujahesabu ukaushaji. Na ukaushaji ndio ghali. Gramu 50 za maji zikigeuka mvuke huchukua tena kilojuli kama 113, kwani maji ni mlaji mkubwa wa joto. Ukijumlisha, nusu kilo hiyo inadai joto la kutosha kuchemsha theluthi mbili za lita ya maji ya bomba, na inalidai ndani ya dakika nne au tano, tena sehemu kubwa katika dakika ya kwanza. Kipimo cha jiko lako basi ni rahisi: weka maji hayo kwenye sufuria uone yanachemka kwa dakika ngapi. Yakichukua dakika nane au kumi, jiko hilo haliwezi kukaanga nusu kilo kwa mkupuo mmoja, hata mpishi awe hodari vipi. Gawanya nyama mara tatu, na kila mara subiri mafuta yarudi kwenye joto lake kabla ya kuongeza. Asiye na kipimajoto achovye mpini mkavu wa mwiko wa mti: mapovu madogo yakiuzunguka mfululizo, mafuta yako tayari, yakianza kutoa moshi, yamepita kiasi. Na sufuria isijazwe mafuta zaidi ya nusu, kwa sababu tone la maji likigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na mafuta yatakayopanda yakamwagikia moto ni hatari kubwa.

Atatokea wa kusema kwamba wauza chipsi kuku hawafanyi hesabu yoyote, nao kuku wao hukauka. Ni kweli, ila tuangalie walichonacho. Karai lao lina mafuta mengi, na mafuta mengi ni akiba ya joto. Jiko lao linawaka kwa nguvu jioni nzima. Na kuku wao huliwa palepale, dakika chache baada ya kutolewa. Masharti yote matatu ya kuyashinda maji yametimia bila mtu kuyaandika. Wa nyumbani mwenye sufuria ndogo na lita moja ya mafuta hana akiba hiyo, na njia pekee ya kuifidia ni kupunguza mzigo. Gharama ya mafuta pia haiongezeki kwa kufanya hivyo: sufuria nyembamba yenye kina hutumia mafuta machache kuliko kikaango kipana, ukikubali tu kukaanga vipande vitano au sita kwa wakati.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama maji ni adui, mbona vipande vinachovywa kwenye maziwa au yai kabla ya kuviringishwa kwenye unga? Jibu ni kwamba ganda halizaliwi bila maji. Wanga wa kwenye unga unahitaji maji na joto ili uvimbe na kushikana. Ukishashikana, maji yanaondoka na kuacha kuta nyembamba zenye vitundu, na kuta hizo zikikauka ndizo zinazovunjika kwa mlio mdomoni. Unga usiopata maji kabisa hubaki vumbi, huanguka chini ya sufuria, huungua na kuyachafua mafuta. Unga uliopata maji mengi hugeuka uji mzito unaofunga mvuke ndani. Kinachotakiwa ni maji machache, yaliyosambaa vizuri, yenye njia ya kutokea. Ndiyo maana ni vyema kunyunyizia vijiko viwili vya maziwa kwenye unga mkavu na kuusugua kwa vidole mpaka upate vibonge vidogo vidogo. Vibonge hivyo hushikilia nyama na kuongeza eneo la kukaukia. Ndiyo maana pia vipande vilivyokwisha kupakwa unga viachwe juu ya wavu dakika 10 au 15, unga uvute unyevu na kushika, kabla ya kwenda motoni.

Aina ya unga nayo inaamuliwa na hoja ileile. Unga wa ngano una protini zinazotengeneza gluteni zikikutana na maji na kukandwa, na gluteni huleta unyumbufu: nzuri kwa chapati, mbaya kwa ganda linalotakiwa kuvunjika. Punguza nguvu yake kwa kuuchanganya na wanga mtupu. Vikombe viwili vya ngano kwa kimoja cha konflawa ni mwanzo mzuri. Unga wa mchele hufaa vilevile, kwani hauna gluteni na hutoa ganda lisilonyonya mafuta sana. Nusu kijiko cha chai cha beking pauda hutoa hewa ya ukaa inayotengeneza vitundu zaidi, na kila kitundu ni mlango wa mvuke. Chenga za mkate mkavu zinafanya kazi kwa njia fupi zaidi: zimeshakauka kabla hazijaingia kwenye mafuta. Anayezipendelea hajavunja kanuni yoyote. Amemwachia mwokaji sehemu ya kazi ya kukausha.

Ndani ya ganda hali inageuka, maana nyama tunataka ibaki na maji yake. Chumvi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kwa nusu kilo, gramu 6 au 7, yaani kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha au kuzidi kidogo, hulegeza protini za msuli na kuziwezesha kushika maji hata zikipata moto. Lakini chumvi inahitaji muda. Mwanzoni huvuta maji nje, na nyama iliyokaa robo saa ina majimaji juu kuliko ilivyokuwa. Ikikaa saa moja au mbili kwenye friji, sehemu ya maji hayo hurudi ndani pamoja na chumvi. Mtindi, au maziwa lala kama Wakenya wanavyoyaita, huongeza asidi ya upole. Ndimu nyingi hufanya uso wa nyama ukakamae na kuwa mweupe kabla haujapikwa. Papai bichi na tangawizi mbichi vina vimeng'enya vinavyokata protini, jambo jema kwa mishkaki ya nyama ya ng'ombe. Kidari cha kuku wa kisasa tayari ni laini, na kikilala humo usiku kucha huwa uji.

Kuna mazoea mawili yanayohitaji kuangaliwa upya. La kwanza ni kuosha kuku chini ya bomba. Wataalamu wa usalama wa chakula wanashauri asioshwe, kwa sababu matone yanayoruka husambaza bakteria kama Salmonella na Campylobacter kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo karibu, ilhali moto wa kutosha huwaua. Najua kwa familia nyingi kuku asiyeoshwa haliki, na sitarajii aya moja ibadili malezi ya miaka. Anayeosha basi aoshe ndani ya bakuli, taratibu, asafishe sinki, na kisha aipanguse nyama mpaka karatasi ya jikoni au kitambaa safi kitoke kikavu. La pili ni kuchemsha kwanza. Kwa kuku wa kienyeji ni lazima, mafuta hayawezi kumlainisha kwa dakika tano. Kwa kidari cha kuku wa kisasa kilichokatwa unene wa sentimita mbili, kuchemsha ni hasara: nyama inapoteza maji ya ndani na kuchukua maji ya nje. Hofu kwamba hakitaiva ni ya haki, ila jibu lake ni kukata vipande vya unene mmoja na kuhakikisha katikati imefika nyuzi 74, au kwa asiye na kipimo, kupasua kilicho kinene kuliko vyote na kuona nyama nyeupe tupu na majimaji yasiyo na wekundu.

Baada ya sufuria, maji yaliyo ndani ya nyama yanaendelea kusafiri kuelekea kwenye ganda, na hapa kazi nzuri huharibika kwa dakika tano. Vipande vikirundikwa kwenye sahani, vya juu hutoa mvuke unaolowesha vya chini. Vikifunikwa kwenye hotipoti, chombo hicho hufanya kilichotengenezwa kufanya: huhifadhi joto pamoja na mvuke wote. Vitandaze juu ya wavu wa waya, hewa ipite juu na chini. Mwambao, hewa yenyewe ina unyevu mwingi, na ganda hulegea mapema kuliko bara. Kwa mwenye wageni, suluhisho ni kukaanga mara mbili, njia inayotumiwa sana na Wakorea: mara ya kwanza kwenye nyuzi kama 160 mpaka nyama iive, kisha vipande vipumzike dakika kumi au zaidi huku maji ya ndani yakifika kwenye ganda, halafu mara ya pili kwenye nyuzi 190 kwa dakika moja tu, kuyafukuza maji hayo. Awamu ya kwanza inaweza kumalizika kabla wageni hawajaketi. Kiporo nacho kipashwe kwenye kikaango kikavu au oveni, kikiwa wazi. Maikrowevu huyapasha moto maji yaliyo ndani ya nyama na kuyasukuma moja kwa moja kwenye ganda.